Nilisema Haionekane

Jumatatu, 3 Juni 2024
Majibu ya damu yamefika hapa kituoni Baraka. La Hawa, yule anayeuza ndakala, dagaa wetu wa ziwani, kule Ubwari, limenishtua. Desemba virusi vyake vya Ukimwi havikuonekana kabisa — leo vimejaa! Nimesoma karatasi mara tatu. Bertin wa maabara anasema hakuna kosa. Sikula mchana.

Jumatano, 5 Juni
Hawa amekuja. Eti dawa ameacha tangu Februari! Nilimpandishia sauti, aibu yangu. Akanijibu taratibu:
"Mama Solange, we mwenyewe uliniambia: haionekane. Kitu haionekane, haiko. Nimeze dawa ya nini tena?"
Ni kweli. Karatasi iliandikwa indétectable, mimi muuguzi mzima nikatafsiri "haionekane", nikapiga na makofi. Alinikumbatia siku ile. Na nilivyojiona mjuzi!

Alhamisi, 6 Juni
Nimefukua daftari langu la formation, yale mafunzo ya wauguzi. Kirusi kinajiandika ndani ya chembe za damu, halafu kinalala. Walinzi wa mwili wanapita hapo hapo, hawashtuki — hakuna kinachojitingisha. Dawa nayo inazuia kinachoamka tu. Watafiti wengine wanajaribu kukiamsha ili kikamatwe, wengine kukifungia usingizini moja kwa moja. Bado hawajaweza. Maskini Hawa! Angejuaje haya yote kwa neno langu moja?

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwomba Hawa msamaha. Nikaanza habari za chembe, za usingizi — macho yake yakaenda dirishani. Nikamwuliza: mwezi ukiwa mkubwa, ndakala wanakuwa wapi?
"Haionekane," akasema. "Inashuka chini kabisa. Mwezi ikipotea, inapanda tena."
Akashika mdomo.
"Ee Mungu wangu! Kumbe iko tu chini?"
Iko tu chini, nikamwambia. Tulilia wote wawili. Ameanza tena kumeza dawa, mbele yangu. Tutampima tena, tuone kama bado inamfaa. Naogopa.
Alifika mlangoni, akageuka.
"Na Riziki? Na mama Aline? Nabo uliambia haionekane."
Nikauliza kama wao pia wameacha. Akaangalia miguu yake.
"Mi ndiye nilibaambia baache. Tulikuwa kwa boti ya kurudi Ubwari, tulifurahi sana."
Boti ya Ubwari inaondoka saa nane. Sasa ni saba na nusu. Dawa zao ziko kwenye mfuko, Hawa ameshatangulia bandarini kumzuia nahodha. Naandika nimesimama. Nitawaambia nini kwanza — ndakala, au kwamba kosa ni langu mimi —