Sahani ya Mjomba

Sokoni, 3 Phagun

Mdogo wangu Narjit,

U mzima? Sisi wazima, mbuzi wazima, biashara ndiyo mgonjwa. Simu zako sipokei, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii.

Jumamosi ulisema redioni kwamba sahani za plastiki zinaziba mitaro na kuua ng'ombe. Haya. Dukani ninazo elfu nne. Tangu siku hiyo nimeuza pakiti moja, na mnunuzi akaomba mfuko wa kuifichia! Duka hilo ndilo lililokusomesha, bwana mtangazaji. Nililianza na chumvi na viberiti.

Ukaongeza kwamba hapa sokoni hayupo tena anayejua kushona tapari, zile sahani za majani. Mimi nimekufa lini?

Binti yangu Junkiri anaolewa tarehe 22. Wageni mia mbili watakula kwenye plastiki yangu. Mjomba hataki? Abaki na redio yake.

Dada yako

Kituoni, 7 Phagun

Shikamoo dada,

Natumai hasira imeshuka na magoti yamepoa. Duka lako sikulitaja. Na mara ya mwisho kukuona na jani la mti wa sal mkononi, ukishona, mimi nilikuwa kibogoyo wa miaka sita.

Nitakuja. Mpwa wangu haolewi bila mjomba. Ila kwenye plastiki sili; nitabeba sahani yangu.

Mdogo wako

Sokoni, 11 Phagun

Narjit,

Salamu zimefika. Magoti yanauma kwa sababu yako. Beba sahani, moja tu, na ukae mwisho wa mstari wakwe wasikuone.

Dada yako

Sokoni, 26 Phagun

Mdogo wangu mpenzi,

Umefika salama? Uliondoka hatujaongea. Ulipokuwa nje ukicheza ngoma, shangazi wa bwana harusi aliigeuza sahani yangu, akainusa.

"Hii kaliia nani kabla yangu?"

"Mpya hiyo, mama!"

"Plastiki huoshwa. Nitajuaje? Jani haliongopi, likishaliwa linatupwa."

Basi! Sahani iliyokwisha kuliwa na mtu ni najisi, tena siku ya harusi! Mikono yote ikarudi magotini, wali unapoa, Junkiri analia. Ndipo nikaliona kapu lako. Sahani moja, eti! Majani ya kutosha kijiji kizima, na vijiti vya mianzi vya kushonea vimeshachongwa!

Nikakaa chini nikashona. Wanawake wakanitania: "Mama Plastiki, taratibu, utajishona kidole!" Shangazi naye akashona, akaimba, za kwake zote zilivuja. Tulikula jua likizama, tunacheka mpaka dengu zinatutoka puani. Sahani wakazimalizia mbuzi.

Sasa nina maagizo ya harusi tatu za mwezi wa Baishakh. Plastiki nimemrudishia msambazaji, kanuna. Nitangaze redioni. Bure.

Dada yako

Kituoni, 1 Chait

Shikamoo dada,

Natumai vidole havijachoka. Meneja anasema matangazo ya biashara hulipiwa. Nimemwambia hili si tangazo, ni masahihisho. Jumamosi, baada ya habari, nitasoma: "Tulisema sokoni hayupo anayejua kushona tapari. Yupo. Tunamwomba radhi yeye, na magoti yake."

Washa redio. Kisha pokea simu.

Mdogo wako