Baba, Kaunta ya Mama Chantal Imesimama

Baba,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu bado huamkiana, ila mdomo wangu haujapata njia nyingine ya kuanza na wewe.

Mama hajambo. Nimeongea naye jana, anasema kaburi lako limeshajengewa na mvua za safari hii hazikulichimba. Mimi nami sijambo, na hilo ndilo lililonikalisha niandike. Mwanzoni nisingeweza. Nilikuwa nikifungua mlango wa karakana yetu hapa Xiaobei, huku Uchina, harufu ya vumbi la mbao na grisi inanipokea badala yako, nami nafunga tena, narudi zangu.

Sasa nafungua na kuingia. Asubuhi bado natafsiria wafanyabiashara, na msimu wa maonyesho ya biashara nashinda kwenye kumbi za Pazhou mpaka sauti inakauka. Mchana niko karakana. Watu wa mtaa wa Dengfeng wanaleta drili na misumeno yao niijaribu kabla haijafungwa kwenda nyumbani, kama walivyokuletea wewe. Mwenye nyumba, yule mzee wa Kichina uliyemtengenezea kitanda, siku za kwanza alikuwa anachungulia, anauliza "Laoban yuko wapi?" kisha anakumbuka na kuinamisha kichwa. Siku hizi akichungulia ananiita mimi laoban, bosi. Mara ya kwanza nililia, Baba. Mara ya pili nikacheka.

Lakini nilichotaka kukwambia ni habari ya Mama Chantal.

Unamkumbuka, yule Mkongo wa Lubumbashi mwenye mgahawa, aliyekuwa anakuletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli la kioo na kukugombeza usipolirudisha. Amehama. Amepata chumba kikubwa, mtaa uleule, upande wa pili wa barabara. Akaja karakana, akasimama mlangoni na mkoba wake mkubwa, akasema, "Baba yako alinitengenezea ile ya kwanza. Hii utatengeneza weye." Kaunta, rafu za ukutani, na meza. Ufunguzi uwe Jumapili, wakitoka misa, kwaya nzima imealikwa.

Nikakubali haraka, kisha usingizi ukaniruka. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza bila wewe. Nilijua nikiharibu, mtaa mzima utasema karakana ilikufa na mwenyewe.

Kwa hiyo nilianza kama ulivyokuwa unaanza, na kile kilichokuwa kinanichosha zaidi nilipokuwa mwanafunzi wako: kukagua. Nilipitisha vidole kwenye waya wa kila mashine, kutoka plagi mpaka shingoni. Wa randa ulikuwa umechubuka, shaba inachungulia, nikaukata na kuweka mwingine. Zile tepu za kuzungushia waya ulizichukia. Nikafungua msumeno wa umeme, kaboni zake za kupeleka umeme kwenye mota zilikuwa zimeisha kabisa, ndiyo maana ulikuwa unatoa cheche na harufu ya kuungua. Nikaweka mpya, nikapuliza vumbi kwenye matundu ya hewa. Ulipowaka uliimba vizuri hata nikageuka nyuma kukuonyesha.

Mbao zilikwenda vizuri. Taabu ilikuja kwenye chuma.

Mpangaji wa zamani alikuwa ameacha fremu ya chuma imepigwa boliti ukutani, kwenye kona ambapo kaunta inatakiwa ikae. Boliti zimeshika kutu, hazifunguki. Lazima ikatwe kwa grenda. Mama Chantal akamleta kaka yake anisaidie, Papa Serge, mtu mzima, mpana, mwenye kucheka kwa sauti, ambaye ujanani alifanya kazi ya vyuma kwao. Nilifurahi kumpata. Kukata anajua kweli.

Ila kona ilikuwa finyu, grenda haikuingia na kinga yake, kile kifuniko cha chuma cha jiwe la kukatia. Nimetoka kidogo kuchukua kipande cha mbao cha kuegemezea, narudi namkuta ameshaifungua kinga, ameiweka sakafuni, jiwe liko wazi na kidole kiko kwenye swichi.

Sikupiga kelele. Ulinifundisha kwamba mtu mwenye mashine mkononi hashtuliwi. Nilikwenda ukutani, nikachomoa plagi.

Akabonyeza swichi, kimya. Akageuka, akaniona na plagi mkononi.

"Ni nini sasa?"

"Papa Serge, samahani. Bila kinga hatukati."

"Mutoto weye! Mimi nilikata vyuma mbele uzaliwe!"

"Najua, Papa. Na ndiyo maana nakuomba."

Akaanza kuchanganya Kiswahili na Kifaransa, mengine sikuyaelewa na nashukuru. Kwamba Jumapili imefika. Kwamba dada yake amempa kazi mtoto wa kike anayeogopa mashine. Hilo liliniuma. Nilisimama pale na plagi yangu, nikiwaza kwamba Mama Chantal akitokea jikoni atanifukuza na atakuwa na haki, kwa sababu huyu ni damu yake na mimi ni fundi tu. Nikasikia kabisa unavyosema: "Kwanza plagi, ndipo mkono, ndipo mdomo." Basi nikatumia mdomo. Nikamwambia tunaweza kukatia upande wa kushoto, ambako kinga inaingia. Tutakata mara mbili badala ya mara moja, lakini itakatika.

Mama Chantal akatokea kweli, unga umemjaa mikononi.

"Serge, acha mwenye kazi afanye kazi yake!"

Akarudi jikoni. Basi hivyo tu, Baba.

Papa Serge akarudisha kinga bila kunitazama. Nikaikaza ile nati mwenyewe, nikampa miwani, akaivaa kama mtu aliyelazimishwa dawa. Nikaegemeza fremu kwa ile mbao, nikarudisha plagi, nikasogea pembeni. Mkato wa kwanza ukapita safi. Wa pili ulipokaribia kumalizika, ile mbao ikateleza kwenye vigae, fremu ikalala kwa uzito wake na kulibana jiwe.

Ulikuwa mlio mmoja, kama bamba limepigwa nyundo. Grenda ikaruka mikononi mwake lakini hakuiachia, kidole kikatoka kwenye swichi, ikazima. Jiwe halikuwepo tena. Vipande vilikuwa sakafuni chini ya ukuta, na kinga ilikuwa imebonyea kutokea ndani, upande uliokuwa unatazama shingo yake.

Nilichomoa plagi. Alikuwa ameketi kwenye ndoo ya rangi, miwani bado usoni, anapitisha kidole gumba kwenye lile bonyeo.

"Hii ingenienda fasi gani?" akauliza taratibu.

Alikuwa anajua. Akajigusa shingoni, akasema jina la Mungu, kisha jina la mke wake. Mama Chantal akatuletea chai bila kuuliza kitu.

Baadaye akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Onyesha mie," akasema, "namna baba yako alikuwa anaegemeza." Tukaweka vizuizi viwili vya mbao na kuvibana kwa klempu. Nikafunga kinga nyingine na jiwe jipya. Akamaliza mkato taratibu kabisa, na fremu ikashuka mikononi mwangu bila hata kugonga sakafu.

Kaunta iliingia Jumamosi kabla ya magharibi. Jumapili kwaya ilikuja na kelele zake zote, wengine wakala wamesimama. Papa Serge alikuwa anapiga ubao wa kaunta kwa kiganja na kumwambia kila mtu nani ameutengeneza, na kila mara sauti inazidi kupanda. Nilikula fufu mpaka nikafungua mkanda. Na sikuwa na huzuni, Baba. Nilikukumbuka siku nzima na sikuwa na huzuni. Sikujua kama hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Papa Serge sasa anakuja karakana siku ambazo hana mzigo wa kufunga. Hasemi kwamba anajifunza, anasema ananisindikiza. Jana nimemsikia akimfokea mteja aliyeshika drili huku amevaa glavu za uzi, ambazo hunaswa na mashine, kwa maneno yangu, ambayo ni yako.

Maonyesho yakiisha nakuja Tanga, nikae na Mama, nikusomee dua pale ulipolala. Mpaka hapo nakuachia Mola, akuweke pema. Nami nakuahidi hili moja: nitazeeka katika kazi hii, Baba, na siku nitakayowashika wajukuu zako nitawashika kwa vidole vyangu vyote.

Mwanao,
Saumu