Uliwaona, Kiugu

Chechelesi,
Isiolo.
17 Machi 2019

Kiugu,

Habari ya huko majini. Nakujulia hali kwa sababu nililelewa hivyo, si kwa sababu moyo unanituma. Sisi huku ni wazima. Mvua imekataa, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, na baba amerudi kutoka Sericho na ngamia waliokonda, lakini tunaamka na kulala salama. Mama yako pia ni mzima, ila goti linamsumbua akisimama sana pale dukani kwake. Nakupa habari zake kwa sababu ameniambia mwenyewe kwamba siku hizi humpigii simu.

Nimeandika kwa karatasi kwa kuwa simu umenifungia. Nimejaribu kwa laini yangu, ya baba, hata ya jirani, na ukisikia sauti yangu unakata. Barua hii nimeipitisha kwa wakala wetu wa mabaharia Mombasa na kumwomba ahakikishe inakufikia mkononi. Ichane ukitaka, lakini isome kwanza.

Nina hasira na wewe. Ninaamka nayo, ninapika nayo, na ninaswali nikiwa nayo, jambo ambalo si zuri. Afadhali niimwage hapa.

Unakumbuka siku uliyopanda ile meli? Niliingia zamu nikamkuta mtoto wa Mama Kinya, yule mama wa nafaka wa soko la Isiolo, amesimama kwenye usukani wa meli ya watalii yenye watu elfu tatu, nami ndimi afisa wa tatu. Tulicheka mpaka Kapteni akauliza kuna nini. Nikamwambia tumesoma shule moja, tukikalia dawati moja lililovunjika. Tangu siku hiyo ukaniita dada, nami nikakuchukua kama ndugu wa tumbo moja.

Zamu zako za kwanza ulikuwa ukiikata meli kama mtu wa bodaboda anayekwepa shimo. Nilikaa nawe tukazungumza. Meli kubwa haigeuki kama gari. Ukizungusha usukani kulia, kwanza ni kama haijasikia. Halafu pua inaanza kwenda kulia polepole, na nyuma yake inatupwa kushoto, nyumba nzima ya chuma ikifagia maji upande ambao hakuna mtu anayeutazama. Ndiyo maana anayekata kona hatakiwi kutazama mbele peke yake. Upepo nao unazisukuma zile kuta za vyumba vya wageni kama turubai la lori, kwa hivyo unaweza kuelekeza pua mahali pamoja na meli ikaenda pengine. Hayo yote uliyashika haraka. Ukawa mshika usukani mzuri kuliko wote tuliokuwa nao. Ukipewa amri unairudia kwa sauti, unazungusha, unatazama mshale wa pembe, unasema imefika. Hukuwa na papara. Nilijivunia wewe, Kiugu, na hilo nalo linanichoma.

Sasa niieleze asubuhi ile, maana umewaeleza watu mpaka nikaanza kujiuliza kama nilikuwepo.

Tulikuwa tunaingia kwenye kile kisiwa, kwenye njia nyembamba yenye fungu la mchanga upande mmoja na mawe upande wa pili. Tulikuwa tumechelewa, na nyuma yetu ilikuwa inakuja meli nyingine inayotaka gati lile lile. Rubani wa bandari, yule anayejua kila jiwe la mahali pale, alikuwa bado hajapanda. Kapteni akasema hatamngojea. Tukaingia kwa mwendo ambao mimi nisingethubutu, na niliandika hivyo katika maelezo yangu. Yeye alikuwa katikati, macho kwenye rada. Wewe ulikuwa kwenye usukani. Mimi nilikuwa pembeni kushoto, kwenye kile kibaraza cha vioo kinachochomoza juu ya bahari, ambapo unaweza kuona ubavu wote wa meli mpaka chini.

Kapteni akaamuru kulia digrii ishirini. Ukairudia, ukazungusha. Meli ikaanza kuitika. Ndipo nikaiona mashua. Ya mbao, ndogo, haizidi urefu wa lori, na watu wawili ndani na wavu wao majini. Walikuwa bado mbele kidogo, upande wangu. Rada haikuwa imewashika. Mmoja alivua shati akawa anapunga.

Nilipiga kelele kwa Kiingereza kama tulivyofundishwa: mashua, kushoto, karibu, nyuma yetu itawafagia. Kapteni hakugeuka. Alisema kwenye kioo chake hakuna kitu. Kisha akaongeza amri, kulia mpaka mwisho. Nawe ukairudia.

Kiingereza kikanitoka kichwani. Nikaita, "Kiugu, usikate zaidi! Kuna watu kushoto!" Ukageuza shingo. Ukatazama. Ukasema, "Nimewaona, dada." Na ukarudisha usukani katikati.

Mashua ilipita ubavuni mwetu karibu sana. Niliwatazama wale wanaume kutoka juu, wameishika mbao kwa mikono miwili, wametazama juu kwangu vinywa wazi. Wimbi letu likawarusha, likawaacha. Wakabaki nyuma, wazima. Sisi tukagusa mchanga.

Sitaki kujifanya kwamba haikuwa kitu. Meli ilitetemeka kutoka chini mpaka juu, vyombo vikamwagika jikoni, watu wakaanguka wakiwa kwenye kifungua kinywa. Bibi mmoja aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Nilimwona akibebwa. Tulikaa pale tumenasa mpaka tagi, zile boti za kuvuta meli, zikaja kututoa, na wageni wakitupiga picha kana kwamba tulikuwa tumefanya kusudi.

Kabla hata hatujatoka kwenye mchanga, Kapteni alikuwa ameshasema neno lake. Kwamba Wakenya wawili walikuwa wanapiga gumzo kwa lugha yao wakati meli inakata kona, na amri ikapotelea humo. Kwamba mashua hakuna aliyeiona. Kampuni ikatuita mmoja mmoja. Nilipoingia mimi nilisema yote. Nilisema neno lile lilikuwa langu, kwamba nilizuia amri ya mkubwa wangu nikijua ninachofanya, na kama kuna wa kuadhibiwa waanze na mimi. Sikukutupia hata chembe. Niliwaambia ulitazama kwa macho yako, ukaona watu, ukafanya ambalo mshika usukani yeyote mwenye utu angefanya.

Nawe ukaingia ukasema nilikuwa nakupa habari za nyumbani. Habari za nyumbani, Kiugu! Ukasema nilikuchanganya. Ukasema hukuona mashua yoyote. Na walipokukumbusha kwamba kile chumba kinarekodi kila sauti, na kwamba kuna sauti ya mwanamume inayojibu kwa Kiswahili, ukasema labda ni ya yule Mtanzania aliyekuwa ameleta kahawa. Mtu aliyeweka kikombe akaondoka zake! Amerudishwa kwao Tanga, ana watoto, na hajui amekosa nini. Wewe umeongezewa mkataba. Mimi cheti changu kimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe.

Nilifikiri nikifika nyumbani nitapumzika. Nikakuta habari imeshatangulia. Kaka yako Anderson anasema mpaka kwenye vibanda vya chai kwamba nilitaka kuzamisha wazungu kwa sababu ya umbea, na kwamba wewe ndiwe uliyeokoa meli. Watu wananiuliza stendi, "Gumato, meli umeiacha wapi?" Wanacheka. Nami nacheka nao, kwa sababu ningefanya nini?

Lakini kuna moja sikulicheka. Shule ya wasichana ilikuwa na siku ya zawadi, na MCA wetu, mwakilishi wa wadi, alikuwa ameomba niende kuzungumza na wanafunzi. Nilikuwa nimepiga pasi sare yangu nyeupe. Nilikuwa nimechora kwenye karatasi kubwa jinsi meli inavyogeuka, nikapaka rangi, nyekundu kushoto na kijani kulia, ili mtoto ambaye hajawahi kuona bahari aelewe. Mwalimu mkuu akanipigia, sauti tamu, akasema wameonelea mgeni awe mtu mwingine kwa sasa. Anderson yumo kwenye kamati ya wazazi. Sare ilibaki imening'inia mlangoni, na mama kila akipita aliishikashika, mpaka nikaiondoa.

Baba ndiye pekee aliyeniuliza maswali ya maana. Alitaka kujua kama ningenyamaza, meli ingegusa mchanga? Nikasema isingegusa. Akauliza, na wale wawili? Nikasema wangekufa. Akanywa chai yake. Kisha akauliza yule bibi wa nyonga anaendeleaje, na nikamwambia kampuni haitaki kunijibu. Sasa kila asubuhi ananiuliza kama nimepata habari za yule bibi. Hilo ndilo linalomsumbua. Nami pia linanisumbua, Kiugu, sitakudanganya. Sina usiku ninaolala bila kumwona pale kwenye ngazi. Lakini ni mimi ninayembeba. Wewe umeutua mzigo wako kwa mtu wa kahawa.

Wiki iliyopita wachunguzi wakanipigia. Wametafsiri maneno yaliyorekodiwa, lakini mtafsiri hawezi kujua sauti ni ya nani. Wakaniwekea sauti ile kwenye simu, wakaniuliza kama ninamtambua mwanamume yule. Nikaomba muda nifikirie. Najua walikuuliza wewe pia, kwa sababu kesho yake mama yako alikuja kwetu, na goti lake lile, kwa miguu kutoka sokoni.

Nilimkalisha, nikamletea chai. Hakuigusa. Akasema, "Gumato, mwanangu, sijazoea kuomba. Wakikuuliza ile sauti, waambie husikii vizuri. Kiugu ndiye tunayemtegemea."

Nikamuuliza, "Mama, Kiugu amekuambia kulitokea nini?"

Akasema ulimwambia kupitia kwa Anderson kwamba kulikuwa na ajali, na kwamba mimi nina kinyongo.

Basi nikamweleza. Sikuongeza wala kupunguza. Nilitumia kikombe kuwa meli na kijiko kuwa mashua, nikamwonyesha jinsi nyuma inavyofagia. Alikichukua kile kijiko akakitazama.

"Kiugu aliwaona?" akauliza.

"Aliwaona, mama."

"Na ni yeye aliyerudisha usukani?"

"Ni yeye. Mimi nilikuwa mbali, nisingeufikia."

"Kwa hivyo hao watu wako hai kwa mkono wake."

"Ndiyo, mama."

Uso wake ulianza kufurahi, Kiugu. Nilikiona kitu hicho. Kilikuja kikakaa kidogo tu, kisha akaelewa yaliyobaki, kikaondoka. Akasema, "Na yeye ndiye anayesema hawakuwepo?"

Alijiinua kwa kushika meza, akakataa nimsindikize. Alipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, "Kama ni sauti yake, ni sauti yake."

Asubuhi iliyofuata niliwapigia wachunguzi. Nimewaambia ni yako. Nimewaambia nimekujua tangu ukiwa na meno ya utotoni, na kwamba hata nikizibwa masikio nitaitambua. Nimewaambia yule Mtanzania alikuwa ameshatoka, wamrudishe kazini. Na nimerudia tena kwamba amri iliyokuzuia ilikuwa yangu. Watakuita wiki hii, na itawezekana ukarudi nyumbani kama mimi. Nilitaka ulijue kwa mkono wangu kabla ya kulisikia kwao.

Usifikiri nimefanya hivyo ili nipate cheti changu. Wamesema wazi kwamba ushahidi huu unaweza kunimaliza mimi pia, kwa kuwa sasa hakuna shaka kwamba nilipinga amri. Na iwe.

Nikuambie kinachonitia hasira hasa, kwa sababu nadhani hukijui. Si kwamba ulinitupa. Watu hutupana. Ni kwamba ulikuwa na sekunde chache za kuamua, mkubwa wako anakuamuru na mkate wako uko mkononi mwake, na ukafanya jambo bora kuliko yote niliyowahi kumwona mtu akifanya ndani ya chumba kile. Halafu ukalikana. Umewaambia watu wale wawili hawakuwahi kuwepo, nao wako kisiwani kwao wanavuta wavu. Umemnyima mama yako mtoto ambaye angejivunia, ukampa mwongo mwenye mkataba.

Dada yako Kinya anakusalimu. Watoto wake wawili wamekuwa wakubwa, wa pili ameanza shule. Baba na mama yangu hawajakutumia salamu, na sitawatungia. Wasalimie wa jikoni, na yule mzee wa injini aliyekuwa akituletea mkate wa moto.

Mimi usinitafute. Mpigie mama yako. Anafunga duka mapema siku hizi, na simu yake anaiweka juu ya meza mahali anapoweza kuiona.

Ni mimi,
Gumato Doyo