A Mahali pa Q

Jumatano, Bwera

Si kwamba sijui. Amri ya kuonyesha njia ambayo data hupita mtandaoni naijua: traceroute. Lakini nilijifunza kuchapa kule Butembo, Congo, kwenye kibodi ya Kifaransa, ambako A imekaa mahali ambapo hapa pana Q. Leo darasani nimeandika "trqceroute" mara tatu, na mara tatu kompyuta imeikataa. Afadhali amri ya ping, haina A.

"Mama Kavira, mtihani ni Ijumaa," mwalimu akasema. "Utaandika hivi hivi?"

Nikifeli, nafasi ya kazi ya kompyuta niliyoahidiwa hospitalini atapewa mwingine. Naogopa.

"Kichwa yangu inajua, mwalimu," nikamjibu. "Ni vidole ndiyo iko bado Congo."

Darasa zima likacheka. Mimi sikuwa ninatania.