Nyota za Ufagio

Jumatatu, 3 Machi 2025

Theluji tena. Na barua pepe kutoka bodi ya maktaba — wanautaka Ufagio, programu yangu ndogo ya kivinjari! Yaani, wanaufikiria. Ukiwa na wastani wa nyota nne kwenye duka la viendelezi kufikia mkutano wao wa tarehe 17, watauweka kwenye kompyuta zote za umma, matawi yote. Usipofikisha, basi.

Niliutengeneza kwa ajili ya wifi yangu Justina. Alikuwa hawezi kusoma matangazo ya vifo mtandaoni bila visanduku kuchomoza juu ya picha ya marehemu: jisajili, kubali, nunua viatu. Ufagio unakaa pembeni mwa kivinjari na kuvifagia vyote. Ukurasa unabaki mweupe kama uwanja wangu leo asubuhi. Nina miaka sabini na sita, mwalimu wa hesabu mstaafu, na watu nisiowajua wanatumia kitu nilichokiunda. Hapa Steinbach, mji wetu mdogo wa wacha Mungu huku Kanada, neno "najivunia" halisemwi mezani. Humu nalisema. Najivunia!

Tatizo ni kwamba wanaoutumia ni wengi, waliokadiria kwa nyota ni wachache mno. Itabidi niombe. Lakini nitaombaje — kwa kisanduku? Ufagio umwage takataka?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Ombi lina wakati wake: humuulizi mgeni chakula kikoje wakati kijiko kiko njiani. Kwa hiyo hakuna kitakachochomoza juu ya ukurasa. Mtu akishautumia Ufagio kwa wiki nzima, alama yake pembeni itageuka kijani. Akitaka, abofye. Ndani atakuta maneno haya: "Kadiria dukani. Niambie tatizo. Baadaye. Hapana, asante." Yote manne kwa herufi za ukubwa mmoja. Akisema hapana, haulizwi tena maishani.

Imefanya kazi mara ya kwanza nilipoijaribu. Nimejipikia chapati za maji kwa furaha.

Alhamisi, 6 Machi

Nyota zinaingia. Tatu. Tatu. Tatu.

Na maneno yake! "Nimerudi kusoma gazeti baada ya miaka miwili." Nyota tatu. "Mume wangu haitukani tena kompyuta." Tatu. Nimekagua programu yangu mstari kwa mstari nikidhani imekosea kuhesabu. Haijakosea. Na dukani mtu huchagua nyota kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeelewa! Mgahawani nimemkuta Bernhard Funk, shemasi wa zamani, na meza yake ya wazee.

"Mwalimu, nimekukadiria," akasema. "Nimekupa tatu."

"Kuna kilichoharibika, Bernhard?"

"Hakuna. Kingeharibika ningekupa mbili."

"Sasa nne umeninyima kwa nini?"

"Nne ni kujikweza."

"Na tano?"

Akanyoosha kidole darini. "Tano ni za Bwana." Meza nzima ikacheka. Mmoja akadakia eti Bwana mwenyewe, kwa baridi ya Februari iliyopita, angepata nne tu.

Kumbe wananilinda nisivimbe kichwa. Wamenipa tatu kwa upendo, na upendo huo utaniua. Mtu wa Toronto hawezi kukosea namna hii. Ni sisi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Marlene Wiebe amekuja kutoka Winnipeg. Nilimfundisha aljebra, leo anaongoza kitengo kizima cha kuunda programu. Amecheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Mwalimu, dawa ipo. Uliza kwanza: umefurahi? Akisema ndiyo, mpeleke dukani. Akisema hapana, mletee fomu, alalamike kwako faraghani."

"Huko ni kuchagua mashahidi kabla ya kesi, Marlene."

"Wengi wanafanya."

"Wengi walikuwa wananakiliana mtihani pia. Wewe ulifanya?"

Akashika shavu. "Mwalimu, bado una makali!"

Duka lenyewe linakataza. Lakini hata lisingekataza: nyota nilizozichuja zingekuwa zangu, si za watumiaji. Siwezi kujivunia kitu nilichojipa mwenyewe.

Nimebadilisha jambo moja tu. Juu ya yale machaguo manne sasa pameandikwa: "Nyota ni za programu, si za aliyeitengeneza." Sikutaja idadi. Darasani niliwaambia hivyo hivyo: mia kwa mia ni ya jibu sahihi, haimaanishi wewe ni malaika.

Jumatano, 12 Machi

Nyota moja. Mtu wa Halifax, mkali: "Ufagio umefagia kisanduku cha kuthibitisha miadi ya daktari wa macho wa mama yangu. Nafasi imepotea. Asante sana."

Nimeona haya, halafu nikaketi kazini. Ana haki. Sikuwa nimeufundisha Ufagio kutofautisha kisanduku cha kuuza na kisanduku alichokiita mtu mwenyewe kwa kubofya. Sasa unajua. Nimemjibu hadharani, kwa jina langu, bila visingizio.

Ijumaa, 14 Machi

Wa Halifax amebadilisha! Nne. "Mama kapata nafasi nyingine. Huyu bibi anasikiliza." Nimeisoma nimesimama. Na nyumba kwa nyumba maneno yangu mapya yanafanya kazi: Bernhard amepanda hadi nne, na chini ameandika, "Programu. Si yeye."

Tupo chini ya nne kwa unywele.

Jumapili, 16 Machi

Naandika jikoni kwa wifi Justina, kwenye kona ya meza. Mkutano ni kesho. Nimepiga hesabu: mkadiriaji mmoja akitoa tano, tunafika nne kamili. Akitoa nne, hatufiki.

Nilikuja kwa chai na mikate ya siagi. Justina alikuwa anasoma vifo vya wiki. Yeye hubofya "Baadaye" kila mara. Kwake kila kitu ni baadaye. Leo alama ikageuka kijani tena, akabofya.

"Wifi, hiki kinasema nyota si za aliyeitengeneza. Maneno yako haya?"

"Yangu."

"Nilijua. Marefu."

Kisha akanigeukia. "Haya, nibofye ngapi?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Neno moja tu, na angenisikiliza. Hajawahi kunibishia mambo ya kompyuta.

"Kinakuuliza wewe, Justina."

"Mwalimu mzima, huna jibu?"

"Ninalo la kwangu. Lako silijui."

Nikaja huku kuchemsha maji.

Amebofya. Mara moja. Nyota ngapi sijui. Sasa anachapa maoni kwa kidole kimoja, na anatamka kila neno kwa sauti, kama anavyosoma zaburi.

"Mke... wa marehemu... kaka yangu..."

Kidole kinagonga vitufe.

"...alinitengenezea..."

Birika limeanza kupiga mluzi. Nimeliondoa motoni lisinizibie masikio.