Ubeti Nilioukatalia Kitale

Nekesa wangu,

Huku Ndalu tu wazima. Mahindi yamekauka vizuri na babu yako bado anagombana na kuku. Shangazi yako ndiye anaandika, mimi nasema tu.

Ati shairi la rafiki yako Mercy limesomwa redioni, lako likaachwa, na sasa humsalimii? Unaniuliza kama mimi nimewahi kuona wivu. Sikia.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu, niko kwa foleni ya mashine ya kusaga mahindi pale Kitale. Redio ilikuwa inasoma mashairi. Akina mama wawili nisiowajua walikuwa wanafuatisha kwa midomo, kama mimi. Moja lilipoisha, mmoja wao akasema polepole, "Hilo ni langu. Nililituma kwa posta."

Nikamgeukia. Mimi sijui kuandika, natunga kichwani kila siku, na yeye ana kalamu!

"Nani alikuandikia? Bwanako?"

"Ni mkono wangu, dada."

"Basi ubeti wa mwisho umelegea."

Mwenzake akaangalia chini. Yeye akatoa penseli, akachana karatasi ya sukari. "Wewe ungesemaje? Nikuandikie, tutume pamoja."

Ubeti wangu nilikuwa nao, Nekesa, mzima, mtamu. Nikasema sijui, nikajifanya nafunga gunia.

Nilirudi nyumbani na ubeti ambao hakuna mwingine aliyeusikia. Sasa hata mimi umenitoka.

Kesho msalimie Mercy. Hata ukiwa umekunja uso, msalimie.

Ni mimi kukhu, nyanya yako, nakupenda hata nikikugombeza.