Siku za Kumpima Kupe

Jumatatu, 3 Machi

Leo amemweka! Baada ya miezi ya kubembelezana, Wifi amemweka mwanawe mzanini yeye mwenyewe. Niligonga bati mara mbili kama kawaida, akanitazama, akambandua Kupe kifuani. Kumbandua yule si mchezo, jina hakupewa bure. Akamsukuma kwenye kilango mpaka ndani ya kisanduku cha mzani, upande wetu. Mtoto akaanza kuchachamaa. Mama mtu akapitisha mkono, akamshika mguu mpaka akatulia. Hilo sikumfundisha! Amegundua mwenyewe kwamba mtoto akitikisika sipulizi filimbi, na filimbi isipolia zabibu haziji. Nilimpa kishada kizima. Daktari, yule wetu wa wanyama, alisema hajawahi kumpima mtoto wa sokwe bila kumlaza mama usingizi kwanza. Nilivimba kichwa, sifichi.

Nyumbani dada akaniuliza, wifi yangu hajambo? Ndiye aliyempachika jina hilo. Anasema sokwe ndiye niliyemwoa, nyumbani nakuja kulala tu. Siku hizi bustani nzima ya wanyama inamwita hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Bosi alikuja kujionea. Mikono nyuma. Wifi akafanya tena, vizuri kuliko juzi. Bosi akauliza kilango kile kinafungwaje. Nikamwonyesha kipini: ukivuta, kinashuka mara moja. Akasema safi sana, akaenda zake.

Nilidhani ananisifu mimi, kumbe anakisifu kilango. Mtu mzima ovyo.

Ijumaa, 7 Machi

Kupe anaondolewa. Anapelekwa bustani nyingine, yenye maonyesho. Watamvalisha suruali na kumfundisha baiskeli angali mdogo. Bosi aliyasema haya huku anafuta miwani yake, kama mtu anayeagiza mifagio. Jumatatu nigonge bati kama kawaida. Mtoto akishaingia mzanini, Bosi mwenyewe atavuta kipini. Hakuna purukushani, anasema. Mnyama hatajua kitu.

Hatajua! Huyu anayetambua viatu vyangu tangu niko getini.

Nikamwambia mtoto bado ananyonya, na ataendelea kunyonya miaka. Daktari akaniunga mkono. Bosi akasema basi apigwe mama bunduki ya sindano ya usingizi. Daktari akagoma palepale: mtoto yuko kifuani, sindano itampata yeye. Nilifurahi kidogo. Halafu nikaona wote wawili wananitazama. Kumbe njia iliyobaki ni moja, na ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikugonga bati leo. Nimefagia tu. Wifi amekuja mwenyewe, akakaa kwenye kilango akisubiri. Nikajifanya nina shughuli na mpira wa maji.

Nina hasira na sijui nimpelekee nani. Siku zote nawaambia wageni kwamba hapa hatumlazimishi, anafanya kwa hiari yake. Hiari gani, na funguo ziko kiunoni kwangu? Akikataa hana pa kwenda. Na akikubali, ni kwa sababu ananiamini. Imani yenyewe nimeijenga kwa zabibu, mojamoja, nikiiita kazi. Wala sikumdanganya hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 9 Machi

Dada anataka nijitie mgonjwa kesho. Nimemwambia haisaidii. Nikikosekana, Bosi atagonga bati mwenyewe, na Wifi anaweza kuitika, maana mlio ni uleule. Akakatakata vitunguu vyote vilivyokuwa mbele yake. Kisha akasema, basi nenda, mdogo wangu, lakini usije ukanisimulia.

Hakuuliza habari za wifi yake.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo, mbele ya kizimba. Mwandiko mbaya.

Asubuhi tulikuwa watatu. Bosi kwenye kipini, Daktari na tenga la kumbebea mtoto, mimi kwenye wavu. Nikagonga mara mbili. Wifi hakuja. Alinitazama mimi, akamtazama Bosi, akalitazama tenga, akarudi kwangu. Nikagonga tena. Ndiyo, nimegonga, Mungu anisamehe.

Akainuka. Akaenda pembeni na Kupe wake kifuani, akaokota gunia analolalia. Akalikunjakunja. Akaja nalo, akalisukuma kwenye kilango, akaliweka juu ya mzani — na akalishika lisitikisike! Kisha akaninyooshea mkono wa pili, kiganja juu. Anadai chake.

Daktari alitoa sauti, sijui ni kicheko au nini. Bosi akaninong'oneza nisimpe kitu. Usimzoeshe, alisema, mnyime tu, mwisho atamleta. Na ni kweli. Kazi yetu iko hivyo. Ukimnyima anajaribu kingine, na kingine anachojua ni mtoto. Lakini ukimlipa kwa gunia, umeharibu kila kitu. Atakuwa analeta gunia, bati agonge huyu, agonge yule.

Nilipuliza filimbi. Nikampa kishada chote, halafu na vilivyokuwa kwenye ndoo, vyote. Zilikuwa zabibu za wiki nzima.

Bosi hakunifokea. Ameniambia nisubiri hapahapa, akatoka huku anapiga simu. Nimemsikia anaulizia mtu mwingine mwenye bunduki ya sindano. Daktari amekaa kwenye ngazi ya mlango wa kuingilia, katikati kabisa, tenga liko kando. Nimemuuliza kama atampisha huyo mtu. Hajasogea.

Wifi amemaliza kula. Kupe amepewa zabibu moja, anaisukumasukuma kwa kidole.

Gari limeingia getini. Wifi amelisikia kabla yangu. Ameinuka, amelikunja lile gunia upya, anakuja nalo mzanini bila hata kuitwa. Ananinyooshea mkono, na mimi zabibu zimeniishia.